Namba 2,147,483,647 ni tasa, lakini si ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie namba moja tu, nayo ni 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Miezi miwili iliyopita nilialikwa, kama mwalimu mstaafu, kuhudhuria shindano la chemsha bongo la wanafunzi wa sekondari wilayani kwetu, shindano lililoendeshwa kwa Kiswahili ili wazazi waliokaa chini ya miembe nao waweze kulifuatilia. Swali la mwisho la hisabati liliuliza: namba tasa iliyo kubwa kuliko zote ni ipi? Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akajibu kwamba namba hiyo haipo. Msimamizi alitazama karatasi yake, akatangaza kwamba jibu si sahihi, kisha akasoma jibu lililochapwa: 2,147,483,647. Timu ya yule msichana ilikosa alama mbili, na kwa alama hizo mbili ikakosa ushindi.

Nilimfuata msimamizi baada ya shughuli kwisha. Alinisikiliza kwa adabu, akanieleza kwamba maswali na majibu aliletewa yakiwa yamekwisha kuchapwa na kwamba zawadi zilikwisha kutolewa, tukaachana hapo. Simtaji jina, wala siitaji shule, wala waliotunga karatasi, maana sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na jibu lenyewe, na ninauleta kwako kwa sababu gazeti lako husomwa na walimu wengi, na kwa sababu namba iliyotajwa siku ile ni miongoni mwa namba ninazozipenda kuliko nyingi nilizoziandika ubaoni katika miaka thelathini na minne ya kufundisha. Imepewa cheo kisicho chake, na kwa kupewa cheo hicho sifa zake za kweli hazikutajwa hata moja.

Nianze na haki ya yule msichana. Namba tasa, kwa wasomaji walioacha darasa zamani, ni namba iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kwamba namba hizo hazina mwisho lilithibitishwa na Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Tuseme mtu anakuletea orodha ya namba tasa na kudai kwamba ndizo zote. Zizidishe zote kwa pamoja, kisha uongeze 1. Namba utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote iliyomo katika orodha, itabakiza 1. Kwa hiyo namba tasa yoyote inayoigawanya bila baki lazima iwe nje ya orodha. Wanafunzi wengi hudhani hapa kwamba namba hiyo mpya lazima yenyewe iwe tasa, na kosa hilo nimelisahihisha madaftarini mara nyingi mno. Ukizidisha 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 na kuongeza 1 unapata 30,031, ambayo si tasa, kwa kuwa ni 59 × 509. Lakini 59 na 509 ni tasa, na hazikuwemo katika orodha, na hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Hoja nzima inaenea katika nusu ukurasa wa daftari, na mtoto aliyeielewa alinyimwa alama kwa sababu ya kuielewa.

Hata hivyo, aliyeiandika namba ile kwenye karatasi hakuiokota njiani. Ni namba yenye umbo, na umbo lake linaonekana vizuri zaidi kwa kutumia kibubu. Tarehe 1 Januari weka shilingi moja kwenye kibubu. Tarehe 2 weka shilingi mbili, tarehe 3 shilingi nne, tarehe 4 shilingi nane, na hivyo hivyo kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 10 utaweka shilingi 512, na ndani ya kibubu mtakuwa na shilingi 1,023, ambazo hazinunui soda mbili. Tarehe 20 utaweka shilingi 524,288, na jumla itakuwa 1,048,575. Tarehe 31, ukijaliwa kupata shilingi 1,073,741,824 za siku hiyo moja, vunja kibubu uhesabu: utakuta shilingi 2,147,483,647 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kwa lugha ya darasani, namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, au 2³¹ − 1. Mtu akiiandika kwa mfumo wa kompyuta, wenye tarakimu mbili tu, 0 na 1, ataandika 1 mara thelathini na moja mfululizo, moja kwa kila siku ya kibubu.

Namba zinazojengwa kwa namna hii huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, aliyechapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa namba tasa. Inajulikana kwamba kipeo kisipokuwa tasa, namba inayotokea nayo haiwi tasa. Lakini kinyume chake si kweli, kwa maana kipeo 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89. Kwa hiyo kila kipeo lazima kichunguzwe peke yake, na wakubwa waliokosea hapa ni wengi. Pietro Cataldi wa Bologna alikwisha kuhakikisha vipeo 17 na 19 kufikia mwaka 1588, kisha akadai pia 23, 29, 31 na 37. Katika hivyo vinne, ni 31 peke yake kilichokuwa kweli. Mersenne naye alikiweka 31 katika orodha yake, akakiweka pia 67 na 257 ambavyo si vyake, na akaviacha 61, 89 na 107 ambavyo ni vyake. Hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja na nusu namba yetu iliitwa tasa na watu ambao, kama wangebanwa waeleze wamejuaje, wasingekuwa na la kujibu. Walisema kweli, lakini hawakuijua, na nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba katika hisabati jibu la namna hiyo halipewi alama zote.

Kwa nini haikuwa rahisi kuijua? Njia ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaifahamu ni kugawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba inayochunguzwa, kwa sababu kigawo kikubwa kuliko kipeuo hicho lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo kuliko kipeuo. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 4,792. Mtu anayegawanya mara kumi kila jioni, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, angemaliza kazi hiyo baada ya jioni 480, na akikosea mara moja tu katikati, kazi yote inatiliwa shaka.

Aliyeikata safari hiyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Matokeo yake aliyaeleza mwaka 1772 katika barua aliyomwandikia mwanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, wakati ambapo Euler alikuwa amekwisha kupoteza karibu nuru yote ya macho yake. Hakugawanya kwa namba 4,792. Kwanza alijiuliza kigawo cha namba kama hii, ikiwa kipo, kinaweza kuwa na sura gani, na naomba Mhariri univumilie niieleze hoja hiyo kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyostahili kusomwa mbele ya wale wazazi badala ya jibu lile.

Chukua namba tasa yoyote, uiite p, ambayo tunaishuku kuwa inaigawanya namba yetu bila baki. Andika 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, kila mara ukizidisha kwa 2, lakini matokeo yakifika p au kuizidi, yagawanye kwa p na uandike baki tu. Baki hizo haziwezi kuwa mpya daima, kwa kuwa zote ni ndogo kuliko p. Lazima zirudi kwenye 1 na kuanza upya, kama mshale wa saa unavyorudi ulikotoka. Kwa 7 mzunguko ni 1, 2, 4, kisha 1 tena, yaani hatua tatu. Kwa 23 mzunguko ni wa hatua kumi na moja. Sasa, ikiwa p inaigawanya 2³¹ − 1 bila baki, maana yake ni kwamba 2³¹ inabakiza 1, kwa hiyo hatua ya 31 inaturudisha mwanzo. Urefu wa mzunguko basi lazima uigawanye 31; na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani, mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Upande wa pili kuna kanuni aliyoieleza Pierre de Fermat mwaka 1640, kwamba hatua ya p − 1 nayo daima inarudisha 1. Mshale unaorudi mwanzo kila baada ya hatua 31, na ambao unajulikana kuwa uko mwanzo kwenye hatua ya p − 1, hauachi njia nyingine: p − 1 ni kigawe cha 31. Tena p ni witiri, hivyo p − 1 ni shufwa, na kwa hiyo ni kigawe cha 62. Msomaji anaweza kuijaribu kanuni hiyo kwa 2,047 niliyoitaja juu, ambapo 31 inabadilishwa na 11 na 62 inabadilishwa na 22: kigawo 23 ni 22 ukiongeza 1, na kigawo 89 ni 88 ukiongeza 1.

(Nimetumia maneno shufwa na witiri kwa makusudi. Vijana wengi siku hizi hutaja namba hizo kwa Kiingereza hata wanapozungumza Kiswahili, ilhali maneno haya tunayo tangu zamani, na kila anayeswali witiri usiku analijua la pili hata kama hajawahi kushika kitabu cha hisabati.)

Euler alikuwa na chujio la pili. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1 kwa p, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 65,536. Kwa hiyo kuna mraba unaobakiza 2 unapogawanywa kwa p, na kanuni inayohusu jambo hilo inasema kwamba p ya namna hiyo lazima ipakane na kigawe cha 8, ama ikiwa moja juu yake ama moja chini yake. Tazama tena 23, iliyo jirani na 24, na 89, iliyo jirani na 88. Machujio hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa sharti moja: kigawo chochote cha 2,147,483,647, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize ama 1 ama 63. Chini ya 46,341 namba zenye baki 1, tukiiacha 1 yenyewe, ni 186, na zenye baki 63, tukiiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, nazo ni 186. Jumla ni 372. Kutoka 4,792 tumefika 372 bila kugawanya hata mara moja.

Baada ya shindano lile nilikwenda kwa wazazi wa yule msichana, nikaomba ruhusa ya kumwonyesha hoja hii, nao wakaniruhusu afanye kazi nami jioni baada ya shughuli za nyumbani. Tulianza kwa kuzitoa katika zile 372 zote zinazogawanyika kwa 3, ambazo ni 124, kisha kati ya zilizobaki tukazitoa zinazogawanyika kwa 5, ambazo ni 50. Zilibaki 198, na zinagawanyika kwa haki: 99 katika fungu la baki 1 na 99 katika fungu la baki 63. Mimi nilichukua la kwanza, yeye la pili, kila mmoja na daftari lake la mistari na kalamu ya risasi, bila kikokotoo wala simu. Tulijua kwamba nyingi kati ya zilizobaki si tasa, kwa mfano 559 ambayo ni 13 × 43, na kwamba tungeweza kuziruka. Lakini tulikubaliana kwamba kugawanya kwa namba isiyohitajika hakuharibu kitu, ilhali kuruka inayohitajika kunaharibu kila kitu.

Namba yake ya kwanza ilikuwa 311. Ukigawanya 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki 35. Akafika 1,303, akapata 1,648,107 na baki 226. Kwangu 1,489 ilitoa 1,442,232 na baki 199. Tulifanya kumi kumi kila jioni, tukabadilishana madaftari ili kila mmoja ahakiki kazi ya mwenzake kwa kuzidisha, na jioni ya kumi nikafika namba yangu ya mwisho, 46,129, ambayo ilitoa 46,553 na baki 40,310. Hakuna hata moja iliyobakiza sifuri. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilijua kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma tu kwamba ni tasa. Msichana alifunga daftari lake akaniuliza kama kuna watu wengine wilayani waliowahi kufanya hivyo, na sikuweza kumjibu.

Sasa nirudi kwenye neno «kubwa kuliko zote», kwa maana kosa la karatasi ile lina babu yake. Euclid alionyesha pia kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Namba yetu ikizidishwa kwa 2³⁰, zile shilingi za tarehe 31, inatoa namba timilifu ya nane, nayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba hiyo timilifu ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizo ni za kustaajabisha tu na hazina matumizi, hivyo haielekei kwamba mtu atajisumbua kutafuta nyingine. Barlow hakuwa mjinga. Majedwali yake ya hesabu yalitumiwa kwa vizazi. Wala hakusema kwamba namba tasa zina mwisho. Alisema kwamba hamu ya watu ina mwisho, na hapo ndipo alipokosea.

Mwaka 1867 Fortuné Landry wa Ufaransa aliichambua 2⁵⁹ − 1 akapata ndani yake namba tasa 3,203,431,780,337, iliyo kubwa kuliko namba yetu kwa mbali. Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alithibitisha kwa mkono kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ambayo ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Mhariri akitaka kuichapa, na kila ukurasa ukabeba tarakimu 20,000, atahitaji zaidi ya kurasa 2,000. Hiyo nayo si ya mwisho. Ni kubwa kuliko zote zinazojulikana, wakati ninapoandika, na neno moja «zinazojulikana» ndilo lililokosekana katika swali la shindano. Kuhusu matumizi, inatosha kusema kwamba mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni mbinu ya kuficha ujumbe inayotegemea namba tasa kubwa, na kwamba mbinu hiyo imekuwa nguzo ya usalama wa mawasiliano kwenye intaneti, yakiwemo ya kibenki.

Nadhani ninajua jibu la karatasi lilitoka wapi. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuweka namba nzima katika nafasi 32 za 0 na 1, nafasi moja ikitumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Nafasi 31 zinazobaki zikijazwa 1 zote, tunapata kibubu chetu kilekile: 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa humo. Mwandishi wa maswali huenda alikuta mahali pameandikwa kwamba namba hii ni «kubwa kuliko zote», na mahali pengine kwamba ni tasa, akaviunganisha. Mpaka huo ni wa chombo, si wa namba, na chombo kina siku yake: kompyuta zinazohesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, na ambazo bado zinatumia nafasi 32, zitafika sekunde ya 2,147,483,647 siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, chombo kisichorekebishwa kitaruka hadi namba hasi na kuonyesha tarehe 13 Desemba 1901. Mafundi wanalijua jambo hili na mifumo mingi imekwisha kuhamia nafasi 64, kwa hiyo silitaji ili kumtisha mtu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu namba hii ambalo sikuwahi kulifundisha na ninasikitika kwamba sikulifundisha. Ukianza na 2 na kuifanya kipeo, 2² − 1 ni 3, ambayo ni tasa. Ukiifanya 3 kipeo unapata 7, tasa. Ukiifanya 7 kipeo unapata 127, tasa. Na 127 inatoa ile namba ya Lucas, tasa tena. Ukianza na 5 unapata 31, tasa, na 31 inatoa namba yetu, tasa. Mtu angeweza kudhani kwamba ngazi ya namna hii haivunjiki, na kwamba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 ukitoa 1 lazima nayo iwe tasa. Namba hiyo ina tarakimu 646,456,993, na hakuna mashine inayoweza kuijaribu kwa vigawo vyote. Lakini si tasa. Inagawanyika bila baki kwa 295,257,526,626,031. Sasa toa 1 katika kigawo hicho, kisha gawanya kwa mara mbili ya 2,147,483,647: utapata 68,745 kamili. Kigawo kina sura ileile ambayo Euler aliitaka kwa kipeo 31, kwa hoja ileile ya mshale unaorudi mwanzo. Nilimpa yule msichana kazi hiyo ya kugawanya bila kumwambia jibu litakuwaje, naye alipoona haibakizi kitu alicheka kwa sauti hadi mama yake akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. La kwanza ni kwamba, katika kurasa zako za wanafunzi, uchapishe hoja ya Euclid kwa Kiswahili, fupi kama ilivyo, ili msimamizi yeyote wa shindano atakayepewa karatasi kama ile awe na kitu cha kuishikia. La pili linawahusu waandaaji wa mashindano haya, ambao najua wanayaandaa kwa kujitolea na kwa nia njema: swali likitaja kilicho kikubwa kuliko vyote, liseme pia kinajulikana na nani na hadi tarehe gani, na mtoto anayejibu kinyume cha karatasi apewe dakika moja ya kueleza sababu kabla ya alama kukatwa. Dakika moja ingemtosha yule msichana.

Madaftari yetu mawili yapo, la kwangu nyumbani kwangu na la kwake nyumbani kwao. Kuna mistari 99 katika kila moja, na baki ya kila mstari imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mwalimu yeyote anayetaka kukagua namba yoyote kati ya hizo 198 anakaribishwa Muheza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Muheza, Tanga.